Mistari Shingoni mwa Kulabu

Feza alinipigia simu kutoka Kisangani asubuhi moja nikiwa ninachambua mchele, kuniambia kwamba baba yake amezikwa jana. Kabla sijamaliza kutoa pole, akaniomba niandike ukurasa mmoja juu ya mwaka ambao mimi na baba yake tulifanya kazi pamoja hapa Kindu, usomwe siku ya kuondoa matanga. "Mama Zaina," akasema, "papa alikuwa anasema kule Kindu alikuwa na muntu mumoja tu mwenye mikono isiyotetemeka. Alisema ule muntu njo wewe." Nimesifiwa na mtu niliyemwangusha, na ubaya ni kwamba sifa yenyewe ni ya kweli: mikono yangu haikutetemeka hata mara moja. Nilimwambia nitaandika. Nilimwonya pia kwamba haitakuwa ukurasa mmoja, na kwamba asome kwanza peke yake, halafu aamue mwenyewe kama haya ni maneno ya kusomwa mbele ya watu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu maduka na depo za wageni zigawiwe wananchi wenye majina makubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi yangu ilikuwa kusafisha picha katika studio ndogo ya mtaa wa Kasuku. Picha za kadi za Chama ndizo zilizotulisha, kwa sababu bila kadi mtu hakuweza kusafiri wala kuuza hata mafungu ya sombe, majani ya muhogo, sokoni bila kusumbuliwa. Kutwa nzima nilikuwa ndani ya chumba chenye taa nyekundu, nikitazama nyuso zikitokea moja baada ya nyingine ndani ya sahani ya dawa: wanaume wenye abakosi, makoti yasiyo na tai, zilizofungwa mpaka shingoni, wanawake wenye vitenge vipya vya kuazima, wote wakiwa wamekaza macho kana kwamba kamera ingewauliza swali. Nilikuwa nimechumbiwa na Saidi, kijana wa familia ya wauza mchele, na arusi ilikuwa imepangwa baada ya mfungo. Sikutazamia kitu kingine chochote kutoka kwa mwaka ule.

Siku moja akaingia mwanaume mrefu mwenye miwani, viatu vimejaa vumbi, akauliza bila salamu ndefu: "Nani hapa anasafisha picha?" Mwenye studio akanionyesha kwa kidole. Yule mgeni akaomba taa zizimwe, kisha nibebe beseni lililojaa maji mpaka ukingoni kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine. Nilidhani ana wazimu, lakini nilibeba. Taa ilipowashwa akapiga goti, akapapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu. "Sitwayene," akaniambia, maana enzi zile tuliitana "mwananchi" kwa Kifaransa badala ya bwana na bibi, "niko na kazi yako."

Huyo alikuwa Enjinia Ngongo, babake Feza, mzaliwa wa hapa hapa, aliyerudi kutoka Ulaya baada ya miaka mingi ya masomo akiwa na makasha manne ambayo hakumruhusu mpagazi yeyote kuyabeba kichwani. Sitwayé Kimbulu, aliyepewa depo ya Mgriki mmoja pale ukingoni mwa Lualaba, alimkaribisha kwa shangwe, maana ilimpendeza kuwaonyesha wakubwa wanaopita kwamba yeye ana mwanasayansi wake. Akampa nyumba ya barafu iliyokuwa nyuma ya depo, pale Mgriki alipokuwa akihifadhi samaki. Ilikuwa na kuta nene zilizojazwa unga wa mbao, sakafu ya saruji, na mlango mzito wa mabati. Haikuwa na dirisha hata moja. Harufu ya samaki wa zamani ilikuwa haijatoka na haikutoka kamwe. Katikati Enjinia alikuwa ametandika mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, amejaza pumzi kidogo tu, juu yake akaweka sanduku pana la mchanga wa mto, zito kiasi kwamba wanaume sita walitoka jasho kulipandisha. Ndani ya mchanga ule alichomeka vioo na lenzi vilivyosimama juu ya vijiti, kama mtu apandavyo vipande vya muhogo. Upande mmoja kulikuwa na bomba refu lililotoa uzi wa mwanga mwekundu. Ndiyo leza, akaniambia, na nisiangalie mdomoni mwake hata kwa mzaha.

Ilinibidi nijifunze upya kila nilichokijua. Studioni taa nyekundu ilikuwa rafiki. Hapa, vioo vyetu vya picha viliungua kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo nilisafisha kwa taa ndogo ya kijani ambayo iliifanya mikono yangu ionekane kama ya maiti. Kamera haikuwapo. Mwanga wa leza uligawanywa mara mbili: nusu ilikwenda kumulika kipande cha chuma na kurudi, nusu nyingine ikaenda moja kwa moja kwenye kioo, na pale zilipokutana ziliandika kitu ambacho jicho haliwezi kukisoma. Kioo kikikauka unaona ukungu mtupu. Lakini ukikirudisha mahali pake na kukimulika tena, chuma kinaonekana nyuma ya kioo kikining'inia hewani, na ukisogeza kichwa unaona ubavu wake. Mara ya kwanza nilinyoosha mkono kukishika. Kiganja kikapita. Nilipiga kelele na Enjinia akacheka mpaka akavua miwani. "Hiyo inaitwa holografia," akasema. "Lakini haiko kwa kuchezea. Ngoja uone kazi yake."

Kazi yake ilikuwa hii. Tulipiga picha mara mbili katika kioo kimoja: kwanza chuma kikiwa kimetulia, kisha tukakivuta kwa parafujo kidogo sana, chini ya unene wa unywele, tukapiga tena. Picha mbili zikilala katika kioo kimoja, juu ya chuma kunatokea mistari, mweusi na mwekundu, mweusi na mwekundu, kama mistari ya mkeka. Chuma kizima kilikuwa na mistari iliyonyooka na kupeana nafasi sawa. Enjinia alikuwa amejitengenezea vipande vyake: kimoja amekitoboa tundu, kingine amekikata jino kwa tupa, kingine amekichoma moto na kukipoza ghafla. Kwenye tundu mistari ilijikunja na kubanana. Kwenye jino ilikimbilia ncha ya mkato na kusongamana pale, na mimi niliyekuwa sijui fizikia nilielewa bila kuambiwa kwamba pale ndipo chuma kinapoumia. "Watu wanafikiri chuma inavunjika siku ile inavunjika," alisema akiandika katika daftari lake. "Ilisha kuvunjika zamani. Sisi tunatafuta ile siku ya zamani."

Kila kitu kilitegemea utulivu. Lori likipita barabarani, kioo kimeharibika. Mtu akikohoa, kimeharibika. Tuliwinda saa zile ambazo mji unanyamaza: Jumamosi asubuhi wakati wa salongo, watu wote wakiwa wametolewa kufyeka majani ya barabara, na Ijumaa adhuhuri wakati wa sala, depo ikiwa imefungwa kwa kuwa wafanyakazi wengi walikuwa Waislamu kama mimi. Tulivua viatu, tukafunga mlango, tukakaa dakika kumi nzima bila kusema neno ili mchanga utulie. Kisha mimi nilinyanyua kipande cha katoni nyeusi mbele ya leza, nikahesabu kumi moyoni, nikafunika. Upande wa pili wa meza Enjinia alikaza parafujo. Tulingoja tena. Nilinyanyua mara ya pili. Mtu mmoja hakuweza kufanya yote mawili, kwa sababu kuizunguka meza tu kulitosha kuitikisa. Naeleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo nililokuja kulikana.

Tulipotoka, macho yakiuma kwa jua, tulikula kwenye ngazi ya saruji mbele ya mlango. Chakula kililetwa na Mama Asina, mpishi wa wafanyakazi wa depo: wali, sombe iliyoiva katika mawese mpaka ikawa nyeusi, na samaki wa kukaushwa aliotumiwa na dada zake wa Lokandu. Alikuwa na miaka kama thelathini wakati ule, mwenye sauti nzito, na aliweza kumtukana mtu huku akimwongezea wali. Mumewe Amisi aliongoza winchi ya gatini, ndiye aliyesimama chini na kuonyesha kwa mikono mzigo upande au ushuke. Mara nyingi alikuja kukaa nasi. Alipenda kumwuliza Enjinia maswali, na Enjinia alimjibu kama anayemjibu profesa. Sijapata kukaa tena kwenye ngazi ambayo watu wanne wanazungumza hivyo, bila mkubwa na mdogo.

Amisi ndiye aliyetuletea habari ya kulabu. "Enjinia," alisema siku moja akichambua miiba ya samaki, "ile kulabu ya winchi inanisemesha. Ikichukua muzigo inafanya kya. Mwaka jana haikukuwa inafanya vile." Kulabu ilikuwa nene kama paja la mtu, imepakwa rangi ya njano mara nyingi juu ya kutu. Enjinia akaomba kwa Sitwayé Kimbulu aifungue siku moja. Kimbulu alikubali, nadhani kwa sababu ugeni mkubwa ulikuwa unakuja kutoka Kinshasa na alitaka kuwaonyesha kitu cha sayansi.

Lakini mji ulikuwa umeanza kunisema. Niliyasikia maneno hayo mwenyewe, sokoni Kasuku, nikiwa nyuma ya mafungu ya majani ambako wanawake wawili hawakuniona. "Ule mutoto wa watu anafungiwa mu giza na mwanaume," mmoja akasema, "Ijumaa, saa ya sala!" Mwingine akacheka, akiigeuza nyumba yetu ya barafu kuwa jina: "Siku hizi jina lake Bibi wa Frigo." Nilisimama na kikapu changu mpaka wakaondoka. Jioni ile mama yake Saidi alinipokea barazani badala ya kuniingiza ndani, akaniuliza kama kazi yangu kweli inahitaji mlango kufungwa. Nilimwambia mlango haufungwi. Kwa hiyo uongo wa kwanza ulikuwa huo, mdogo, na ulitoka mdomoni kwa urahisi ambao ungepaswa kunitisha. Tena nikamwambia kwamba Ijumaa adhuhuri huwa ninatoka nje kabisa, namwacha Enjinia na mambo yake.

Kulabu tuliipiga picha Ijumaa. Enjinia alikuwa ameikwangua rangi shingoni, akaifunga ndani ya fremu ya chuma juu ya mchanga. Nakumbuka adhana ikiisha mbali, kisha ukimya ulioshuka juu ya gati kama blanketi. Nilinyanyua katoni, nikahesabu, nikafunika. Akakaza parafujo robo mzunguko. Tulingoja. Tone la jasho lilishuka puani mwangu na sikulifuta. Nikanyanyua tena. Katika mwaka mzima sikuwahi kufanya kazi safi kama ile. Nilipokisafisha kioo na kukimulika, kulabu ikatokea hewani imejaa mistari, mizuri, imejikunja kufuata mwili wake, mpaka ilipofika shingoni. Pale ilikatika. Mistari ya juu ilikuja mpaka mahali fulani, mistari ya chini ikaanza nusu hatua pembeni, haikukutana. Jicho tupu halikuona ufa pale, wala kidole hakikuhisi kitu. Enjinia alinong'ona, "Zaina, unaona?" Nikasema naona. Hatukufurahi. Tulikuwa kama watu waliosikia mtu akilia ndani ya nyumba iliyofungwa.

Mkutano uliitwa Jumatatu, ofisini kwa Sitwayé Kimbulu, chini ya picha ya Rais mwenye kofia ya chui. Walikuwapo Kimbulu mwenyewe, kiongozi wa vijana wa Chama hapo depo, Amisi, na Mzee Shabani mtunza ghala, ambaye alikuwa baba mdogo wa Saidi. Sikujua kwamba atakuwapo. Alikaa karibu na mlango, tasbihi mkononi, na hakunitazama.

Enjinia alieleza. Alisema winchi isimame mpaka kulabu mpya ipatikane. Kimbulu alisikiliza akipiga kalamu mezani. Mzigo ulikuwa umejaa ghalani, wageni wa Kinshasa walikuwa njiani, na kulabu mpya ingengojwa miezi.

"Sitwayé Enjinia," akasema, "uliivuta na nini ile kulabu? Na parafujo kidogo vile? Mi mwenyewe nikining'inia pale nitakuwa muzito kuliko parafujo yako. Sasa unaniambia itavunjika?"

"Mwanga unaona kidogo sana, Sitwayé. Haina lazima ya kuivunja ili kujua itavunjika wapi."

"Na kama meza ilitikisika?"

"Kama meza ilitikisika, picha nzima inapotea. Haiwezi kuchagua shingo tu."

Kimbulu akawageukia wengine, na nikaona tabasamu likija usoni mwake polepole. "Mu giza ile. Mwanaume na mwanamuke. Mulango umefungwa, saa ya sala. Na bado unaniambia meza haikutikisika?"

Kiongozi wa vijana alicheka kwanza. Ofisi nzima ikacheka, isipokuwa Amisi. Tasbihi ya Mzee Shabani ikasimama. Kimbulu akaniuliza kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayekufungulia mlango: "Sitwayene Zaina, hapana kuogopa. Ijumaa, wakati wa ile picha ya pili, ulikuwa ndani kweli?"

Mzee Shabani akainua macho.

"Nilikuwa inje," nikasema.

Miaka yote hii nimejaribu kukumbuka kama nilisitasita. Sikusitasita. Nilisema kama mtu anayetaja jina lake. Kimbulu akafungua mikono: basi, Enjinia alikuwa peke yake, amezunguka meza, amekaza na kunyanyua, na yeye mwenyewe ametufundisha sote kwamba mtu mmoja hawezi. Enjinia alinitazama kupitia miwani yake. Ningeweza kustahimili hasira. Lakini alitazama kwanza mimi, halafu Mzee Shabani, halafu tena mimi, na nikaona amefahamu jambo lote, kama alivyokuwa akifahamu kioo mara tu kinapotoka katika dawa. "Kama anasema alikuwa inje," akasema, "alikuwa inje." Akakunja karatasi zake. Aliutupa ushahidi wake mwenyewe kwa ajili ya jina langu, na mimi nikamwacha autupe.

Kulabu ilipakwa rangi upya, ikarudishwa winchini. Sikurudi tena nyumba ya barafu. Nilirudi studioni kwangu, kwenye taa yangu nyekundu. Wageni wa Kinshasa walikuja, vijana wakawachezea nyimbo za Chama, winchi ikanyanyua mapipa ya mawese mbele yao bila shida, na nilijiambia kwamba pengine mistari ile haikuwa na maana. Nilianza hata kuamini kwamba nilitoka nje. Mtu anaweza kujifundisha kitu kama hicho kwa siku chache tu.

Kulabu ilivunjika wiki tatu baadaye, mchana, jua likiwaka. Studio ilikuwa mbali na gati lakini tulisikia kishindo, kisha kelele. Wavu wa magunia ya mchele ulikuwa unazunguka hewani, Amisi akasogea kushika kamba ili kuutuliza, kama kazi yake ilivyomtaka, na kulabu ikakatika shingoni. Nilikimbia pamoja na wengine. Mchele ulikuwa umemwagika gati lote, mweupe, na watu walikuwa wakiukanyaga. Sikumwona Amisi, walikuwa wameshamfunika kwa turubai la lori. Nilimwona Mama Asina akija kutoka jikoni, mwiko mkononi, anatembea, hakimbii, kana kwamba akichelewa kidogo jambo lile litakuwa halijatokea.

Kimbulu aliandika kwamba marehemu alisimama mahali pasiporuhusiwa. Ikiwa hivyo, mjane hakuwa na haki yoyote. Siku ya nne Enjinia Ngongo alikuja studioni, amekonda, akaniomba tutoke uani. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa vizuri kwa Kifaransa. "Zaina, sikuulizi kitu ya zamani," akasema. "Saini tu kama ulikuwa ndani. Wataona kama walionywa. Mama Asina atapata haki yake. Jina lako nitalilinda namna naweza."

Nilimwambia: "Arusi iko siku kumi na moja. Ngoja baada ya arusi."

Akaangalia karatasi, akaikunja mara mbili. "Baada ya arusi," akarudia, bila ubaya wowote. Lakini hakupewa nafasi ya kungoja. Kabla ya wiki kuisha alishtakiwa kwamba anaeneza maneno ya kuharibu kazi ya taifa, nyumba ya barafu ikafungwa kwa kufuli na vioo vyake vyote na leza yake vikiwa ndani, naye akaambiwa aondoke mjini. Aliondoka siku moja kabla ya arusi yangu, juu ya lori la kwenda Lubutu, ameketi juu ya magunia, mizigo yake mfuko mmoja tu. Nililiona lori likipita. Nilikuwa na hina mikononi, mbichi bado, na nikajiambia hicho ndicho kilichonizuia kumpungia. Feza ameniambia kwamba Kisangani baba yake alifundisha fizikia ya sekondari mpaka alipozeeka, kwa chaki na ubao, na hakugusa tena leza maisha yake yote.

Mama Asina alipika arusi yangu. Hakuna aliyemtuma, alikuja mwenyewe na kaniki yake ya eda, akakaa nyuma ya nyumba mbali na macho ya wanaume, akasimamia masufuria tangu alfajiri. Alipika wali usioshikana hata punje, na mchuzi ambao watu wa Kasuku waliusimulia miezi. Nilipopelekwa kumsalimu alinishika kidevu, akaniambia, "Kula, mutoto. Bibi arusi haanguke na njaa." Nilikula chakula cha mjane niliyemfanya mjane. Baada ya arusi sikumtafuta Enjinia, sikuandika barua Kisangani, sikumwendea hakimu yeyote. Saidi alikuwa mume mwema. Nilimzalia watoto watano na sikumwambia.

Ilipita miaka kumi na mmoja kabla sijavuka mto kwenda Alunguli, ambako Mama Asina alikuwa akiishi na kulima kishamba cha muhogo. Nilimkuta akitwanga. Nilisema yote nikiwa nimesimama, haraka, kabla ujasiri haujaniisha: kwamba nilikuwa ndani, kwamba nilishika katoni mara zote mbili, kwamba mistari ilikatika shingoni na niliiona kwa macho yangu. Aliendelea kutwanga mpaka nilipomaliza. Kisha akaegemeza mchi ukutani.

"Najua," akasema. "Mi nilikuwa pale kwa ngazi. Nilileta sahani yenu, nikakuta mulango umefungwa, nikakaa kungoja. Mulitoka bote wawili, we na jasho kwa uso."

Nilikaa chini, kando ya kinu.

"Nilimwambia Amisi siku ile ya mukutano, alipofika nyumbani. Nikamwambia ule mutoto amedanganya. Nitaenda kwa Kimbulu niseme. Akanikataza. Akasema: Asina, nyamaza. Nani atasikiliza mupishi? Na ukitaja ule mulango, ule mutoto hataolewa tena mu Kindu. Mi nitajichunga. Nitakuwa nasimama mbali." Akafuta unga mikononi kwa pindo la kitenge. "Siku nyingi alisimama mbali. Ile siku muzigo ulizunguka."

Nilimwuliza kwa nini basi alikuja kunipikia arusi.

"Amisi alikuwa amelipa ile arusi na roho yake, Zaina," akasema. "Ningeiacha iharibike?"

Akachukua mchi wake, akarudi kwenye kinu.